Kahawa ya Kutimulia

Kuna watu ambao mgeni wao akifikisha siku ya tatu hupewa jembe akalime. Mostar, mji wetu wa Bosnia, mashamba yako mbali na nyumba zetu, kwa hiyo kazi hiyo tumeikabidhi kahawa. Mgeni akiingia anapewa kahawa ya kupokelewa, hata kama ni yule uliyekuwa unamwomba Mungu asifike. Akikaa, inakuja ya mazungumzo, na hiyo hunywewa taratibu, kibonge cha sukari kikichovywa na kung'atwa, habari za mtaa zikianikwa moja moja. Ya tatu ni kahawa ya kutimulia. Mwenye nyumba anaileta bila neno, na mgeni mwenye akili zake anaimeza, anashika magoti, anasema haya jamani, tuwaache mpumzike. Anaondoka na heshima yake na mwenye nyumba anabaki na yake.

Bi Umihana alikuwa na miaka sabini na tisa. Kwa miaka hamsini na tano aliyokuwa mwenye nyumba ile ya ghorofa moja juu ya Mto Neretva, hakuna mgeni aliyeshindwa kuielewa kahawa yake ya tatu. Hata mpelelezi wa serikali ya zamani, mtu mwenye ngozi ya kifaru, aliielewa na akaaga. Aliyekuja kuiharibu ni mwanawe wa kumzaa, na aliiharibu kwa kuiuza.

Mwana huyo ni Fikret. Alikwenda Ujerumani mwaka mmoja baada ya kaka yake kuuawa vitani, akiwa na miaka ishirini, na kwa miaka thelathini alikuwa anakuja kila Agosti na gari jipya, anakula, analala, anaondoka. Mwaka huu alitokea Machi, akasema amerudi moja kwa moja. Mama gani angeuliza kwa nini? Umihana alitandika kitanda cha chumba cha juu kwa mashuka aliyoyaficha tangu harusi yake, akaoka pai ya mchicha na jibini, akamtazama mwanawe akila mpaka akasahau kula yeye mwenyewe.

Wiki ya pili sababu ikajitoa yenyewe. Watalii wanaokuja kuona daraja na mji wa kale, Fikret alimweleza, wamechoka kununua sumaku za friji na sahani za shaba. Wanataka nyumba halisi, yenye mtu halisi ndani. Nyumba ilikuwepo, yenye madirisha ya mbao yanayotazama mto, na mtu halisi alikuwepo pia, anaosha vyombo. Kampuni moja ya utalii ilishakubali. Kilichobaki ni mama akae kwenye kile kiti kirefu cha ukutani chenye mito, amimine kahawa, atabasamu.

Akamletea na nguo. Suruali pana ya maua, ya kufunga kifundoni, ambayo mtu wa mwisho kuivaa katika ukoo ule alikuwa bibi yake Umihana. Umihana alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha tumbaku miaka ishirini na sita. Alivaa sketi na viatu vya kisigino, na wanaume wazima walizima soga akipita. Sasa alishonewa uzee huko China, ukaletwa ndani ya mfuko wa nailoni, naye akauvaa. Ukweli usemwe: aliuvaa. Alitaka mtoto abaki.

Na kahawa nayo aliitoa mwenyewe, kwa mikono yake miwili. Siku moja Fikret alikuwa ameinamia simu mezani, akauliza bila kuinua kichwa, "Mama, ile kahawa ya tatu mlikuwa mnaiitaje vile?" Umihana akacheka. Akamwambia jina, akamwambia inavyoletwa, akamsimulia mpaka ya mpelelezi. Furaha ya kuulizwa na mtoto ilimlegeza ulimi. Jumatatu iliyofuata ikaja karatasi inayong'aa, lugha nne: *Kahawa Tatu za Nana Umihana*. Na chini kabisa, kwenye picha ya mkono wake mwenyewe: kahawa ya kutimulia, usikose.

Kundi la kwanza kuja na karatasi hiyo lilikuwa la Waitalia. Walishakaa saa moja na nusu, miguu juu ya mito, na Umihana mgongo unamuuma. Akaleta kahawa ya tatu kama alivyoileta maisha yake yote. Wakapiga makofi. Wakainua simu. Mmoja alichelewa kupiga picha, basi wakamwomba amimine tena, taratibu, na uso aelekeze dirishani. Kisha wakaendelea kukaa. Umihana alikwenda jikoni akaanza kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Tangu siku hiyo hakuwa tena na njia ya kumtoa mtu nyumbani mwake.

Makundi mawili kwa siku, Aprili mpaka Agosti. Alivumilia. Jambo moja tu aliomba, na aliliomba mara tatu: tarehe kumi Septemba nyumba iwe tupu.

Hiyo ni siku ya Adem, mtoto wake mkubwa. Mwaka wa tisini na tatu, mji umezingirwa na mabomba yamekauka, Adem alishuka mtoni na madumu mawili, akapigwa risasi akipanda nayo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kila mwaka siku hiyo wanawake wa mtaa huja saa kumi na nusu, baada ya alasiri, na Bi Nasiha, mwalimu wao wa dini, huwaongoza hitima katika sebule ileile ambamo Adem aliletwa akalazwa. Miaka thelathini haijakosekana, hata ule mwaka ambao nyumba haikuwa na paa.

"Nimekuelewa, mama," Fikret alikuwa amejibu, mara zote tatu.

Asubuhi ya tarehe kumi Umihana aliamka na unga na siagi. Halua ya marehemu haikorogwi na mtu mwingine kama mama yupo. Unakoroga mpaka bega linakufa ganzi, unga unageuka rangi ya njugu, na nyumba nzima inajua leo ni siku gani. Alikuwa ameshaimwaga kwenye sinia, anaichora vipande kwa kijiko, aliposikia kokoto za uani zikilia chini ya viatu vingi. Saa nane kamili mchana. Akachungulia. Watu ishirini na sita, na Fikret mbele yao anatembea kinyumenyume, mikono hewani.

Alimkabili mlangoni. Fikret alisema kwa sauti ya chini, bado anatabasamu kwa ajili ya wale walio nyuma yake, kwamba basi lao lilibadilishiwa siku, angefanyaje, wametoka mbali.

"Nilikuambia leo hapana."

"Na mimi nimekuelewa. Saa tisa wametoka, mama. Naapa."

Walishaanza kuvua viatu. Ukimwona mtu amesimama kwa mguu mmoja kizingitini kwako, anafungua kamba, utamwambia nini? Umihana alirudi nyuma akawapisha. Aliapa moyoni kwamba saa tisa ni saa tisa, na akatia maji kwenye mdila wa shaba.

Kahawa ya kupokelewa aliimimina upesi. Ya mazungumzo aliimimina upesi zaidi, na mazungumzo yenyewe yakafanywa na Fikret peke yake kwa Kijerumani. Saa tisa kasoro dakika tano akaleta ya tatu, akaweka sinia mezani kwa kishindo ambacho jirani yeyote angekisikia. Wakapiga makofi. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alisoma jina la kahawa kwenye karatasi, silabi moja moja, na wenzake wakacheka wakampongeza. Saa tisa ikafika, ikapita. Hakuna aliyeinuka.

Robo saa baadaye Zilha aliingia kwa kile kilango kidogo kinachounganisha bustani mbili, amebeba vikombe vya ziada kwa ajili ya hitima. Zilha ni jirani yake tangu miaka arobaini iliyopita. Alisafisha ofisi za watu Munich miaka kumi na tisa, na Kijerumani chake hakina adabu lakini hakikosei. Alipita sebuleni, akaona Fikret ameishusha picha ya Adem ukutani, ameishika kifuani kama mtu anayeuza saa. Zilha akasimama akasikiliza. Alipofika jikoni hakuweka vikombe chini.

"Unajua anawaambia nini kuhusu Adem?"

Umihana alisema hajui, lugha haijui.

"Anasema alikuwa bingwa wa kuruka darajani. Eti alipenda msichana wa ng'ambo ya mto, ndugu wa msichana wakamkataa, akaruka mara ya mwisho mbele ya mji mzima na mto ukamchukua. Kuna mama pale analia."

"Adem?"

"Adem wako."

Umihana aliuliza tena jina lilelile, kana kwamba huenda kulikuwa na Adem mwingine. Kila mtoto wa kiume Mostar huruka, kwanza kutoka kwenye mwamba mdogo, baadaye mkubwa, na mwenye kichaa hufika darajani. Adem hakuruka hata ule mwamba wa watoto. Maji yalimtisha. Alichota kwa kuinama mbali na ukingo, mkono umenyooshwa, na mama yake alikuwa anamcheka kwa hilo. Alishuka mtoni siku ile akiwa anaogopa maji na anaogopa risasi, akashuka kwa sababu mama yake na mdogo wake walikuwa na kiu. Sasa mdogo wake huyo alikuwa amesimama sebuleni anamfanya mpumbavu aliyekufa kwa kujionyesha.

Kuna hasira inayopanda na kuna inayoshuka. Ya Umihana ilishuka mpaka miguuni, ikatulia huko. Akamwita Fikret jikoni, akafunga mlango.

"Kaka yako alikufa vipi?"

Fikret alimtazama Zilha, akajua. "Mama, watu wako likizo. Niwaambie habari za madumu na damu? Usiku hawalali."

"Mimi ndiyo nalala?"

"Ni hadithi tu. Inampa heshima. Wanaondoka wanamkumbuka."

"Wanamkumbuka nani? Alikuwa anaogopa kusimama kwenye ukingo wa daraja. Wewe mwenyewe ulikuwa unamwita kuku."

Fikret akapitisha mkono kichwani. Hakuwa na aibu. Alikuwa na haraka. Alisema watazungumza baadaye, wakiwa wawili, kwa utulivu, na kwamba kwa sasa kuna jambo lingine. Wageni walikuwa wameuliza harufu hii ni ya nini, akawaeleza, na wameguswa sana, na wameomba wabaki. Wangekaa nyuma, kimya kabisa. "Hawajawahi kuona hitima maishani mwao, mama. Kampuni wakisikia hili, mwaka kesho tunaweza hata..." Hakumaliza, maana macho yake yalikuwa yameangukia sinia la halua. Akalinyanyua. "Niwaonjeshe kidogo," akasema, akafungua mlango kwa kiwiko, akaenda nalo.

Zilha alitamka neno ambalo mwanamke aliyetawadha hapaswi kulitamka. Umihana alibaki anatazama pale mezani palipokuwa na sinia, mahali pa mviringo pasipo na unga. Zilha akamshika mkono, akamwambia waite wanawake kwake, nyumba yake ni ndogo lakini ni safi, wasome huko waachane na huyu mwehu.

"Adem hakulazwa kwako," Umihana akasema. "Alilazwa hapa."

Saa kumi na nusu wanawake wakabisha hodi. Walikuwa kumi na wanne, shungi nyeupe, mikoba mkononi, na Bi Nasiha mbele amebeba ile tasbihi ndefu ya kushikwa na chumba kizima. Walipoona rundo la viatu vya kigeni kizingitini walisimama uani. Mlango ulikuwa wazi. Waliona soksi za watu juu ya mito, waliona Fikret anapita na sinia, waliona halua ya marehemu kwenye mapaja ya watu, inaliwa kwa vidole kabla hata Bismillahi haijasomwa. Hao ni wanawake waliolelewa kwamba mgeni hata akikukanyaga unamwomba radhi. Bi Nasiha alisema kwa upole kwamba watangoja, dada asijali, mgeni ni mgeni.

Upole huo ulimchoma Umihana kuliko matusi. Alichukua mdila akaingia sebuleni. Alikuwa amebakiwa na njia moja aliyofundishwa na akaijaribu tena, mbele ya mtaa mzima. Akapita kwa kila mmoja wa wale ishirini na sita, akamimina kahawa ya kutimulia kwa mara ya pili siku hiyohiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na hakuwahi kusikia limefanywa. Wakashangilia. Yule mwenye ndevu akatamka lile jina kwa sauti, safari hii bila kukosea, na akamkonyeza. Kule uani wanawake kumi na wanne walikuwa wanaona. Wote walijua kahawa ile ni ya nini, kila mmoja wao alishawahi kuinywa kwa Umihana akaenda zake, na sasa waliinamisha macho kwa kumstahi, kama unavyofanya ukimkuta mtu mzima amevuliwa nguo.

Akaweka mdila chini. Akasimama katikati ya chumba, ndani ya ile suruali ya maua.

"Wageni wangu," akasema, "nawaomba mtoke. Leo ni siku ya mwanangu aliyeuawa, na wenzangu wako nje wanangoja kumsomea. Fikret, waambie."

Fikret aliwaambia. Alisema maneno mengi, mkono kifuani, akainamisha kichwa kuelekea kwa mama yake. Wageni nao wakaweka mikono vifuani. Wachache macho yaliwalowa. Halafu wakasogezana, wakabananishana kwenye kiti kirefu ili kuacha nafasi, na wakakaa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

"Umihana." Zilha alikuwa mlangoni mwa jikoni. "Hakuwaambia hivyo. Amesema unawakaribisha waomboleze nawe."

Fikret aligeuka, akamwambia Zilha asiingilie mambo ya watu. Zilha akamjibu kwamba ameingilia mambo ya watu hao tangu Fikret akiwa anavuta kamasi, na akafungua kinywa awaambie wageni mwenyewe, kwa kile Kijerumani chake cha ndoo na ufagio. Umihana akainua mkono kumzuia.

"Acha. Nyumba ni yangu."

Akatoka mpaka kizingitini. Akainama, magoti yakilia, akaokota jozi moja ya viatu vya kupandia milima, vizito, akaviweka chini ya kwapa. Akaokota jozi nyingine. Akakatiza ua, akasukuma lango kwa bega, akaviweka nje njiani, juu ya kokoto. Akarudi kuchukua vingine. Safari ya pili hakuna aliyefahamu anafanya nini. Safari ya tatu Bi Nasiha aliitundika tasbihi shingoni, akakunja mikono ya koti lake, akaokota jozi mbili. Basi wakaanza wote. Wanawake kumi na wanne wa mtaa wetu, wengine na fimbo zao, walipanga mstari kutoka kizingiti mpaka lango na kupitishiana viatu kama walivyokuwa wakipitishiana ndoo wakati wa vita, siku ile mji ulipoungua. Hakuna kiatu kilichotupwa. Kila kimoja kiliwekwa chini kwa mkono, pamoja na mwenzake, kisigino kuelekea nyumbani na vidole kuelekea barabara ya mabasi.

Ndani, makofi yalikuwa yameanza, mawili matatu, kisha yakafa. Wa kwanza kusimama alikuwa yule mama aliyekuwa analia. Alitoka na soksi zake, akamfuata Umihana, akachukua viatu vyake kutoka mikononi mwake. Alisema kitu. Umihana hakukielewa, na Zilha hakuwa karibu, lakini macho ya yule mama yalikuwa chini na uso umemwiva, na hilo halina lugha. Umihana akatingisha kichwa kumkubalia. Wengine wakafuata, wanachechemea juu ya kokoto na kusema uuh, uuh, Fikret akikimbia kati yao, huyu anamwomba msamaha, yule anamshika bega. Mwenye ndevu alisimama njiani akapiga picha ya viatu. Yeye hata leo pengine anadhani ilikuwa sehemu ya mpango.

Baada ya dakika kumi wageni wote wakawa nje ya lango. Kizingitini ilibaki jozi moja, ya ngozi ya kahawia, yenye kung'aa. Fikret alirudi na soksi zilizojaa vumbi, shingo imevimba.

"Unajua ulichofanya? Kampuni hawarudi tena. Msimu mzima, mama. Umeniaibisha mbele za watu."

"Watu gani?"

Fikret akatazama pembeni. Wanawake kumi na wanne walikuwa wamesimama palepale, pamoja na Zilha, waliomfuta pua, waliomfunika blanketi siku alipokaa kwenye ngazi za nyumba na kukataa kuingia alimolazwa maiti ya kaka yake. Alishusha sauti. Alisema yeye aliacha kazi nzuri na nyumba yenye joto, akarudi kwa ajili yake.

"Ulirudi kwa ajili ya madirisha," Umihana akasema.

"Hiyo si haki."

"Umekula halua ya Adem?"

Fikret akafuta midomo kwa kiganja. Kwenye kidevu chake kulikuwa na chembe yake.

"Wale nimewatoa kwa viatu," mama yake akasema, "kwa sababu hawaijui lugha yangu. Wewe unaijua. Toka."

Kwetu, ugomvi wa mama na mwana ukifika hapo, yupo wa kuingia kati. Yupo wa kusema jamani, shetani huyo, mpishe. Fikret alingoja. Alitabasamu kidogo hata, akawatazama mmoja mmoja, akitafuta ni nani atakayeanza. Bi Nasiha alikuwa anaifungua tasbihi iliyojisokota. Zilha alikuwa ameangalia juu kwenye mzabibu uliotanda uani. Tabasamu likamwisha taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu Machi alifanana na miaka yake. Akaokota viatu, hakuvivaa, akatoka navyo mkononi, na Umihana akafunga lango kwa komeo.

Alikwenda chumbani akavua ile suruali. Alirudi na sketi yake ya kijivu. Zilha alikuwa amesharudisha picha ukutani, amepiga mito mpaka vumbi la soksi likatoka, amefungua madirisha. Kwenye sinia vilibaki vipande tisa vya halua na makombo, wakavigawa kwa kisu, kila mmoja akapata cha kulamba. Wanawake wakaketi, wengine kwenye kiti kirefu na wengine chini, tasbihi ikazungushwa mpaka kila mkono ukawa na sehemu yake. Umihana alitegemea hasira imwishe wakati huo. Haikumwisha. Ilikaa naye palepale, imekunja miguu.

Kabla ya kuanza, Bi Nasiha aliuliza, kama anavyouliza kila mwaka, dua iende kwa nani na nani.

Umihana akamtaja Adem. Akamtaja mumewe, akamtaja na mama yake. Kutoka njiani, chini ya dirisha, sauti ya Fikret ilikuwa inapanda. Anaongea na simu, kwa Kijerumani, upesi upesi. Umihana alimgeukia Zilha, akamuuliza anasema nini.

Zilha alisita. "Anamwambia mtu kwamba mama yake amezeeka, akili zimemruka. Kwamba atakutafutia mahali."

Wanawake wote walisikia. Midomo ya Umihana ilicheza bila sauti, na Bi Nasiha, aliyekuwa ameshaanza kuinua mikono, akaishusha.

"Kuna mwingine wa kumwombea, dada? Marehemu mwingine?"

Umihana aliitazama picha ya mtoto wake mkubwa. Sauti ya yule mdogo bado ilikuwa dirishani.

"Bado," akasema, akavuta upande wake wa tasbihi.